Sangara wa Bosi na Dagaa wa Mama Bwire

Siku ya kuniaga mlinikatia keki yenye picha yangu juu, na picha ilikuwa imelala ubavu. Nilisimama pale na kisu mkononi, nimevaa tai ya kuazima kwa shemeji, nikijitazama nimelazwa kwenye krimu kama marehemu aliyefurahi kufa, na nyie wote mkapiga makofi bila mmoja kuuliza kulikoni. Wadogo zangu, ndiyo sababu naandika. Simu huhifadhi picha jinsi ilivyoshikwa, halafu inaandika pembeni upande gani ndio juu. Usiposoma maandishi hayo ya pembeni, mtu analala. Nimewaimbia jambo hili mpaka sauti imenikauka.

Habari za vyeo sitawaeleza, maana vyeo vyenyewe ninyi mnavijua, na mshahara pia mnaujua kwa kuwa nanyi mnalipwa hapohapo, poleni. Nitawaeleza kazi.

Mimi sikuanza na kompyuta. Nilianza kwenye studio ya picha hapa mjini Mwanza, chini ya Mzee Rajabu, mtu mfupi mwenye kofia safi na mdomo mchafu, ambaye familia yake ilikuwa mjini tangu zamani na yeye hakukubali uisahau. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kukaa kwenye chumba cheusi nikichovya karatasi kwenye dawa. Wateja walikuja kupiga picha za pasipoti wakitaka zitokee suti, saa, viatu na ikiwezekana redio. Mzee Rajabu aliwasikiliza kwa adabu, akawapiga picha nzima, kisha akachukua mkasi. "Masalu," aliniambia, "kwenye karatasi ndogo hivi, ukipunguza kila kitu, hata mama yake mzazi hatamtambua. Kata. Bakiza uso." Mteja akilalamika viatu havionekani, aliambiwa avivae akienda kuchukua pasipoti.

Simu zenye kamera zikaja, studio ikafa, na mimi nikajifunza kompyuta ukubwani kwa hasira tu. Bosi Deo alinichukua kwenye kampuni yake ndogo ya Nyegezi, ghorofani juu ya duka la magodoro, kwa hoja moja: huyu mzee anajua picha. Kwake yeye, anayejua kusafisha picha kwenye dawa anajua pia kuandika msimbo wa kuzifinya. Ni sawa na kumpa fundi viatu kazi ya kutibu miguu. Lakini nilikuwa na watoto wa kusomesha, nikasema ndiyo bosi, naweza.

Programu tuliyokuwa tunatengeneza ilikuwa soko la samaki ndani ya simu. Muuzaji aliyeko mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inaposhusha samaki, anapiga picha ya mzigo wake, mnunuzi aliyeko mjini au mikoa mingine anaiona, wanaelewana. Kwa maneno ni rahisi. Tatizo ni kwamba picha za simu ni nzito, na mtandao wa mialo mingi huja na kuondoka unavyojisikia. Picha moja ilikuwa inakula bando la mtu na bado haifiki. Tulihitaji kitu cha kuifinya picha iwe ndogo isafiri, kisha kuifungua upande wa pili. Kitu hicho ndicho kodeki, na sisi hatukuwa na akili wala muda wa kuandika ya kwetu.

Hapo ndipo Consolata alipoingia. Alikuwa na umri wa binti yangu na ukali wa mama mkwe, Mhaya wa Bukoba, na katika ofisi nzima ndiye peke yake aliyejua anachofanya. Kila asubuhi alinipa shikamoo yangu kamili, nikaitikia marahaba, na baada ya hapo heshima ilikuwa imekwisha kwa siku hiyo.

"Mzee, tunachukua maktaba huria," alisema. "Msimbo umeshaandikwa na watu, wameuweka wazi, kila mtu ausome, autumie, aurekebishe."

"Bure?"

"Bure."

"Watu gani hao wanaogawa kazi yao bure? Wameokoka?"

"Wengine wameokoka, wengine wanabishana tu mtandaoni. Kaa chini."

Nilikaa chini. Siku ile ya kwanza nilibonyeza kitufe cha kujenga, na kompyuta ikanitapikia makosa mekundu marefu kuliko litania ya watakatifu wote. Nilianza kuhangaika na kosa la mwisho, kwa sababu ndilo lililokuwa mbele ya macho. Consolata akanipiga kidole begani. "Soma la kwanza. Hayo mengine yote ni watoto wake." Tangu siku hiyo sijawahi kusoma kosa la mwisho, na nawasihi nanyi msilisome.

Ilipokubali kujengwa, tulihitaji picha ya kujaribia. Kwenye kompyuta zote za ofisi kulikuwa na picha moja, ambayo bosi alimtumia kila mwajiriwa siku anapoanza kazi: Bosi Deo mwenyewe amembeba sangara mkubwa aliyemvua kwa mkono wake, anavyodai. Waliokuwepo wanasema alimkuta mwaloni amekwisha kufa akamnunua kwa bei nzuri. Tukampitisha sangara kwenye kodeki. Bosi alitoka bluu, anga likatoka rangi ya chungwa, na sangara peke yake ndiye aliyetoka salama.

"Nimeumwa?" bosi akauliza, akiinamia kioo.

"Hapana bosi," Consolata akasema, akijibana asicheke. "Simu inataja nyekundu kwanza, maktaba inasubiri bluu kwanza. Zimepishana. Samaki ni wa kijivu, hana nyekundu wala bluu ya kugombania."

Mkiona watu wa bluu, basi, msiite daktari. Badilisheni mpangilio wa rangi.

Tulipoipeleka programu kwa watu, ilifanya kazi vizuri kwenye simu zetu zote, na kule mialoni ikawa inafunguka na kujifunga papo hapo. Bosi akasema watumiaji hawajui kubonyeza.  Consolata alichukua kompyuta na waya, akanichukua na mimi kwa ajili ya kumbebea mkoba, tukaenda Kigongo, kule ambako watu walikuwa wanasubiri kivuko cha kwenda Busisi na hawana pa kukimbilia. Tukawaomba simu zao mmoja mmoja. Nusu walidhani tunasajili laini, nusu walidhani sisi ni matapeli, na mama mmoja aliyekuwa na kuku wawili akanipa wale kuku niwashike ili atafute simu yake ndani ya nguo. Jibu tulilipata palepale. Maktaba tulikuwa tumeijengea simu mpya peke yake. Simu za zamani zina ubongo wa aina nyingine, zilikuwa zinaitafuta maktaba yao ndani ya programu, hazioni kitu, zinakata tamaa. Tukajenga ya aina ya pili. Programu ikanenepa, bosi akanuna, watu wakaacha kututukana.

Bosi alinuna pia kuhusu leseni. Hao watu wanaogawa bure wanadai jambo moja: ndani ya programu uweke majina yao na maneno ya leseni yao. Bosi akasema hakuna atakayeyasoma, tuyatoe. Consolata akamwambia mtu akikupa jembe bure halafu ukasema umelifua mwenyewe, siku likivunjika utampelekea nani. Majina yakabaki. Yako mpaka leo, ukurasa wa mwisho, na ni kweli hakuna anayeyasoma.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Kila kodeki ya aina ile ina kipimo cha ubora. Ukikipandisha, picha inakuwa nzuri na nzito. Ukikishusha, inakuwa nyepesi na mbaya. Bosi alijitwalia kazi hiyo. Alikaa na picha ya sangara wake akashusha, akatazama, akashusha tena. Kila akishusha sangara alibaki sangara, na yeye alibaki mzuri machoni pake. Alishusha mpaka karibu na sakafu. "Mnaona?" alisema. "Picha nyepesi kama unyoya, na samaki yuleyule." Consolata alisema tujaribu na picha nyingine. Bosi akamuuliza sangara ana kasoro gani. Programu ikatoka hivyo.

Siku chache baadaye alipanda ngazi mwanamke mnene aliyevaa khanga mbili na viatu vya mvua, mfuko wa plastiki mkononi, akasimama katikati ya ofisi akihema.

"Hodi. Nani kati yenu anaharibu dagaa wangu?"

Consolata akamkimbilia na kiti. "Shikamoo mama. Karibu ukae."

"Marahaba mwanangu. Sikai. Nimetoka ng'ambo ya Busisi tangu alfajiri, nikikaa nitalala, na sikuja kulala. Naitwa Mama Bwire, mwenyekiti wa akina mama wa dagaa pale mwaloni kwetu. Dagaa wametoka kwangu weupe, wamefika kwa tajiri wana mchanga. Wamepita wapi hapo katikati?"

"Wamepita kwenye simu, mama," nikasema.

"Basi simu yenu ina ufukwe."

Kwa wale mliozaliwa kwenye vigae: dagaa wakianikwa chini, mchanga unaingia, ukila unasaga meno. Wakianikwa juu ya chanja wanatoka safi. Wa chanja ni chakula cha watu. Wa mchangani ni chakula cha kuku, na kwenye programu yetu kulikuwa na kurasa mbili kwa majina hayohayo. Mama Bwire ndiye aliyewatoa wenzake mchangani. Aliwapigia kelele, akasengenywa, akaitwa anajifanya mzungu, akajenga chanja la kwanza mwenyewe kwa miti na wavu mkuukuu, mpaka wakamfuata mmoja mmoja. Na sasa tajiri, yaani mnunuzi wao mkubwa, alikuwa ameona picha zao na kusema: mzigo ujao ukionekana hivi, kikundi chote kinahamia ukurasa wa kuku.

"Nikihamishiwa kwa kuku," alisema, na hapo sauti ilimshuka, "hakuna atakayeanika kwenye chanja tena. Watanicheka, watarudi chini. Wana haki. Ya nini kujisumbua kama picha ni ileile?"

Akamwaga mfuko wake juu ya meza ya bosi, katikati ya karatasi zake. "Tafuneni."

Tukatafuna, wote watatu, bosi kwa kinyongo. Hakuna kilicholia chini ya jino. Nikapiga picha lile fungu kwa simu yangu, nikaipitisha kwenye kodeki yetu, nikaweka ya kwanza na ya pili pamoja kwenye kioo. Ya kwanza ilikuwa dagaa. Ya pili ilikuwa uji wa rangi ya udongo wenye vidoadoa. Mimi mwenyewe ningesema ni mchanga.

Niliona aibu, na ilikuwa aibu ya mji mzima. Mwanza tukipata mgeni tunampa sangara au sato. Tukijenga sanamu, tunajenga ya samaki mkubwa. Dagaa tunawala wenyewe kimyakimya na kuwasahau. Kodeki kazi yake ni kutupa vitu vidogovidogo ambavyo jicho halitagundua vimetoweka. Sangara ni mwili mmoja mkubwa laini, unaweza kumtupia vitu siku nzima na bado yupo. Picha ya dagaa haina kitu kingine ndani yake isipokuwa vitu vidogovidogo. Tulikuwa tumelipima ziwa zima kwa sangara mmoja, tena wa kununua.

Ili nipate uhakika nikawaandikia wenye maktaba, huko waliko. Nikaweka picha zote mbili na kipimo chetu cha ubora. Jibu lilirudi, fupi: maktaba ni nzima, kipimo chenu ndicho kigonjwa. Nikamsomea bosi kwa sauti, labda kubwa kuliko ilivyohitajika.

"Sipandishi," bosi akasema. "Tukipandisha, picha hazitoki mwaloni. Tutarudi kulekule. Mama, utatuma picha nzuri itakayofika Krismasi."

Kusema kweli, hakuwa mjinga kwa hilo. Consolata alijaribu kipimo cha kati: picha ikawa nzito na dagaa bado uji. Akajaribu cha juu: dagaa wakaonekana, na picha ikagoma kupita kwenye mtandao dhaifu. Mama Bwire alikuwa amekubali kukaa sasa, anatutazama sisi watatu tunavyobishana kwa maneno asiyoyataka. Nikamwangalia, na kichwani ikanijia kelele ya mkasi wa Mzee Rajabu.

"Tukate," nikasema.

"Tukate nini?"

"Picha. Fungu lote tulitume kwa ubora wa bosi, mnunuzi aone ukubwa wa mzigo tu. Halafu katikati ya picha ileile tukate kipande cha ukubwa wa kiganja, tukitume kama kilivyo, bila kukifinya. Kipande ni kidogo, kitapita. Uso uonekane. Viatu basi."

 Consolata akasema, "Mzee, leo umenifurahisha," na akageukia kompyuta yake kabla sijajivuna.

Mama Bwire akaenda kulala kwa mdogo wake Buswelu, na sisi tukaandika. Alirudi ilipokuwa tayari. Wenzake kule mwaloni walishawekewa programu mpya, na mzigo ule ambao tajiri alikuwa akiusubiri ulikuwa umepangwa, kila gunia limefunguliwa mdomo lipigwe picha. Tulikubaliana kila picha ipite kwetu kwanza aione mwenyewe, ndipo imfikie tajiri.

Gunia la kwanza likafika. Jamani! Kila dagaa alikuwa peke yake, mweupe, ana jicho lake. Mama Bwire akapiga kigelegele mpaka muuza magodoro akapiga dari na fimbo. La pili hivyohivyo. La tatu, akaanza kuwataja wenye magunia kwa majina, huyu wa fulani, huyu wa fulani, mtazameni alivyokauka. Bosi akawa anapokea pongezi ambazo hazikuwa zake.

La nne likafika, na kipande cha katikati kilikuwa na punje za kahawia.



"Kodeki bado," bosi akasema. "Consolata, angalia."

"Kipande hakipiti kwenye kodeki, bosi. Hicho ni kama simu ilivyokiona."

Niliikuza picha. Punje zilikuwa na kivuli, kila moja na chake. Nilitamani ziwe kosa langu, ningezirekebisha. "Mama," nikasema, "hii siyo sisi."

Mama Bwire alisogeza uso karibu na kioo. "Najua," akasema. "Huo ni mchanga." Akachukua simu yake, akaongea Kijita kwa kasi, akasikiliza, akaongea tena taratibu, akakata. "Mvua ilinyesha, machanja yamejaa. Akaona amwage chini kidogo tu, nani ataona. Analia."

Bosi Deo alivuta kiti. Nataka nimtendee haki: alisema kwa upole, na alikuwa na nia njema. "Mama, hii haijafika kwa tajiri. Naweza kuifuta. Au gunia hili moja nalirudisha kwenye mpango wa zamani, hakutaonekana kitu. Hakuna atakayejua. Umeteseka sana kufika hapa."

Mama Bwire alimtazama bosi. Nilijua anachopima. Kikundi kizima kilikuwa kwenye kioo kile, pamoja na machanja na miaka yake ya kuchukiwa, na kubonyeza mara moja kungeviokoa vyote.

"Mwanangu, asante," akasema. "Lakini mimi nilikuja hapa kutetea dagaa. Sikuja kutetea mchanga. Tuma."

Consolata akatuma. Mama Bwire hakusubiri. Akampigia tajiri mwenyewe, akaweka simu mezani sauti ya nje.

"Tajiri, habari za kazi. Picha zimefika? Kabla hujafungua, gunia la nne lina mchanga. Ni la kwetu, limeharibika kwetu. Hayo mengine hayana. Tazama mwenyewe, halafu utuhamishe au usituhamishe."

Upande wa pili ilisikika redio ya mtu mwingine ikiongea. Mama Bwire alikunja ncha ya khanga, akaikunjua, akaikunja.

"Nimeona," tajiri akasema. "La nne nitachukua kwa kuku. Hayo mengine pakieni, ya watu." Kisha akaongeza, "Mama Bwire, nanunua dagaa ziwa zima hili. Hakuna aliyewahi kunipigia kunionyesha mchanga wake. Bakini mlipo. Na kuanzia leo wewe ukisema gunia ni safi, mimi sifungui picha."

Simu ikakatika. Mama Bwire akasema "haya," kama mtu aliyeambiwa bei ya nyanya, kisha akajifunika uso kwa khanga na mabega yakaanza kutikisika. Consolata akapiga magoti pale sakafuni akamkumbatia, analia bila kujificha. Mimi nikakumbuka kwamba mtu mzima ana haki ya kwenda msalani. Ofisi ile ilikuwa na choo kimoja. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani, na bosi alikuwa amefungulia bomba kwa muda mrefu kuliko haja yoyote ninayoijua, basi nikasimama pale kwenye korido, nimeugeukia ukuta, nikingojea zamu yangu.